Komfrei Nyuma ya Nyumba ya Mzee Mfaume

Kabla hujaanza kusoma, naomba uniwie radhi kwa mwandiko huu. Shule yangu iliishia darasa la saba, na herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi yaliyopigwa na upepo. Nikiandika haraka nachanganya r na l, ndiyo maana siandiki haraka. Ukurasa mmoja unanichukua jioni nzima, na jioni nyingine inaishia kwenye mistari minne. Ukikuta neno limekosewa, lisome kama nilivyokusudia. Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Nikitazamwa na macho zaidi ya mawili, maneno yananikauka mdomoni. Kwenye daftari hakuna anayenitazama, na hakuna anayeweza kuniwahi kumaliza sentensi yangu.

Mzee Mfaume wa hapa kwetu Kiranjeranje alifariki mwezi uliopita. Nilikwenda msibani kama watu wote, nikakaa uani na wanawake, nikapewa ungo wa mchele kuchambua. Jeneza lilipotolewa ndani, kabla halijabebwa, alisimama mzee mmoja barazani akasema maneno yanayosemwa kwetu kila akifa mtu: "Ndugu zangu, marehemu aliishi na sisi, na binadamu hakosi kukosea. Kama alikukosea kwa neno au kwa kitendo, msamehe hapa hapa, asiondoke na mzigo. Mmemsamehe?" Wanaume wakajibu kwa sauti moja, "Tumemsamehe!" Uani nako wanawake wakaitikia. Bibi aliyekaa kando yangu aliitikia mara mbili, kana kwamba ile ya kwanza haikufika. Mimi nilishika chuya moja kati ya vidole viwili, nikaitazama, nikafunga mdomo. Hakuna aliyegundua, maana watu wamezoea kwamba Somoe hasemi. Lakini siku ile sikunyamaza kwa haya. Nilinyamaza kwa sababu sikumsamehe. Sababu yake ni ya mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka kumi na sita, na ndiyo ninayotaka kuiandika.

Mwaka ule nilikuwa nakaa kwa shangazi, na nyuma ya nyumba yake kulikuwa na kipande cha ardhi kinachoteremka mpaka bondeni. Kilikuwa changu kwa maana kwamba hakuna mwingine aliyekitaka. Nilipanda mchicha wa kuuza, na pembeni nikapanda kila kitu kinachotoa maua: mrehani, ufuta, alizeti, mbaazi. Hayo ya maua nilifundishwa na Mama Rejina, Mmakonde aliyehamia huku kutoka Newala, ambaye alikuwa anafuga nyuki wadogo, wale wasiouma. Aliwaweka kwenye magogo yaliyotobolewa katikati, akayaning'iniza chini ya paa la jiko lake. Jiko lile lilinukia nta na samaki mkavu. Nilikuwa nakwenda mchana, tunakaa kwenye mkeka tunakula ming'oko, ile mizizi ya porini, ya kuchemsha kwa chumvi na pilipili, naye anazungumza peke yake kwa sote wawili. "Wewe watu wanakushinda," aliniambia siku moja huku akimenya. "Basi chukua hawa. Hawa hawatakucheka. Wanataka maua tu, na maji, na usiwapulizie madawa yenu yale ya mikorosho." Akanipa magogo matatu yenye nyuki ndani. Nilipoyaning'iniza chini ya upenu wa shangazi, nilijiona kama mtu aliyepewa nyumba.

Mama Rejina alikuwa na binti aliyeolewa Njombe, na mwanzoni mwa mwaka ule binti huyo alimletea pakiti ndogo ya mbegu. Zilikuwa nyeusi, zinang'aa, ndogo kuliko punje za pilipili manga. "Hii ni komfrei," alisema. "Kule kwa mwanangu wanaozesha majani yake kwenye maji, inakuwa mbolea. Na maua yake nyuki wanayagombania kama watoto na pipi. Wenyewe wanapanda kipande cha mzizi, huyu kaniletea mbegu. Mbegu yake ina jeuri. Isipolala kwenye baridi haiamki." Nikamuuliza baridi ya kulaza mbegu tutaitoa wapi na joto lote hili. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linatokea upande gani. "Kwa Mama Hadija. Friji si ipo?"

Mama Hadija alikuwa mke wa Mzee Mfaume. Alikuwa anauza barafu za ukwaju na za ubuyu kando ya barabara, na friji yake ilikaa sebuleni, imevikwa kitambaa cha kufuma na kuwekewa maua ya plastiki juu. Chumba kile kilikuwa na ubaridi wake, au nilikuwa najidanganya tu kwa sababu ya ule mlio wa friji. Nilifanya kama Mama Rejina alivyonielekeza. Nilichukua mchanga wa mtoni, nikaulowesha kidogo, nikachanganya na mbegu, nikafunga kwenye kitambaa ili hewa ipite. Kitambaa kilikuwa kipande cha bafta nyeupe nilichokikuta kwenye sanduku la shangazi. Uzi ulikuwa mwekundu, wa kudarizia kofia, maana ndio uliokuwepo. Ukiusoma mstari huu wewe uliyekulia huku kwetu, nadhani umeshaelewa kosa langu. Bafta, mchanga, uzi mwekundu. Mimi sikuona. Niliona mbegu tu.

"Ni mbegu, mama," nilimwambia Mama Hadija, kwa sauti yangu ile ya chini. "Zinatakiwa zilale siku arobaini. Naomba usimwambie mtu, watanicheka." Alicheka yeye mwenyewe mpaka akashika mlango. "Mbegu kwenye friji! Haya, zilale. Zikikoroma nitakuita." Akakisukuma kifurushi changu nyuma kabisa, chini ya mifuko ya ubuyu. Nami kila alasiri nilikwenda kumsaidia kufunga vifuko vya barafu, na kabla ya kuondoka nilikuwa nachungulia kifurushi na kukinyunyizia maji kwa ncha za vidole. Andika hilo moyoni, msomaji. Mama Hadija alijua. Aliambiwa kwa mdomo wangu, na alicheka.

Zilifika siku thelathini na nne. Wiki ile umeme ulikuwa mdogo, taa zinawaka kama macho ya mgonjwa, na barafu zilikuwa hazigandi. Mzee Mfaume akaamua kuisafisha friji ili aone tatizo. Nilikuwa nakuja na kikapu changu cha mchicha nilipoona watu wamekusanyika mbele ya mlango wao. Yeye alikuwa katikati, ameshika fimbo, na kwenye ncha ya fimbo kimening'inia kifurushi changu, maji yanadondoka.

"Nani kaweka hiki?" alikuwa anapaza sauti. "Tazameni! Bafta ya sanda! Mchanga wa kaburi! Uzi mwekundu! Halafu nauliza kwa nini barafu hazigandi!"

"Ndiyo maana na kuku wangu wamekwisha," alisema mwanamke mmoja.

"Kuku wako walikufa na kideri, acha wewe," akajibiwa, na watu wakacheka, kisha wakakumbuka kwamba hili si jambo la kuchekwa.

Mzee Mfaume akamgeukia mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni, ncha ya kanga mdomoni. "Wewe unakijua hiki?" Mama Hadija alinitazama. Nakumbuka vizuri, alinitazama kwanza, ndipo akajibu. "Mimi sijui. Huyo Somoe ndiye anayeingiaingia humu kila siku."

Macho yote yalinigeukia. Nilifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu, silabi mbili, mbegu, na naapa nililisema, lakini hata mimi sikulisikia. "Sema!" alisema Mzee Mfaume. "Nimekukosea nini mimi, mtoto wewe? Nimekulea kwa barafu za bure tangu unatambaa!" Akakitupa kifurushi barabarani, akamwaga chumvi, akamwaga mafuta ya taa, akawasha kiberiti. Bafta iliungua haraka. Watu walirudi nyuma wasipate moshi. Mimi nilibaki nimesimama karibu, moshi ukanipata, na hilo nalo likahesabiwa dhidi yangu.

Kesho yake alfajiri nilirudi pale na ungo wa shangazi. Nilikusanya majivu na mchanga punje kwa punje, nikachekecha, nikachambua kwa vidole. Nikapata mbegu tisa ambazo moto haukuzifikia, zilikuwa katikati ya mchanga ulioloa. Bibi mmoja aliyekuwa anakwenda kisimani akanikuta nimechuchumaa. Alibadilisha njia. Jua lilipopanda, kijiji kizima kilikuwa kinajua kwamba Somoe amerudi kuchukua vitu vyake. Na jina nikapata: Friji. Watoto waliniita hivyo kwanza, kisha wakubwa. "Friji hiyoo, inapita!" Mchicha wangu ukawa unanyaukia kikapuni. Wasichana niliokuwa nadarizi nao kofia walianza kusogea kila nilipokaa, mpaka nikaelewa. Kulikuwa na watu wa Milola waliotuma salamu kwa shangazi juu yangu, salamu za maana. Hazikurudi tena. Shangazi hakunifukuza, lakini alianza kupika chungu chake mwenyewe na kuniachia changu, na tulikula bada, ugali wa muhogo, na mbaazi za nazi katika chumba kimoja, kila mtu na sahani yake, tukisikiliza redio.

Sikulia. Watu wanadhani mtu mnyamavu ni mpole. Mimi nilianza kufikiri, polepole, kama ninavyoandika.

Zile mbegu tisa nilizipanda kwenye makopo chini ya migomba, mahali maji ya kuogea yanapopita. Zilikaa ardhini karibu mwezi. Kila asubuhi nilikuwa nainama pale, na kila asubuhi udongo ulikuwa vilevile. Kisha zikaota tano. Mwanzo ni majani mawili ya mviringo, hayana sifa yoyote. La tatu ndilo linalojitambulisha, lina malaika ya kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Masika yalipopungua nilizihamishia katikati ya bustani yangu. Zilikua kwa hasira. Majani yalifika urefu wa mkono wangu. Nikayakata, nikayaloweka kwenye ndoo wiki tatu mpaka yakanuka kama mnyama aliyefia kwenye handaki, na maji yale nikamwagia maboga. Harufu iliwapa watu jambo jingine la kusema. Lakini mwezi wa nane, mashina mawili yalitoa maua, vikengele vya zambarau vinavyoinama chini, na nyuki wangu wadogo wakayajua siku ile ile. Hata wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao walikuja, wakaning'inia kichwa chini wakinguruma. Nilikuwa nakaa katikati yao nisionekane, na ndipo nilipokuwa nasikia ya jirani.

Jirani alikuwa Mzee Mfaume. Shamba lake la matikiti lilikuwa bondeni, limepakana na bustani yangu, ua wa makuti tu katikati. Mwaka ule alilisafisha mpaka ukingoni mwa kijito, akafyeka kila kichaka, akachoma hata mti mkubwa wenye tundu ambamo nyuki wakubwa walikaa miaka yote. Siku moja nikamsikia akimtembeza rafiki yake. "Mwaka huu lori litaingia humu litoke limejaa," alisema. Rafiki akauliza, "Na Friji hapo jirani?" Mzee Mfaume akacheka. "Nimezungushia kinga pande nne. Hawezi kitu, hata akinichungulia." Nilikuwa namchungulia wakati huohuo, nimelala kifudifudi kwenye majani ya komfrei, yananikwaruza shingo.

Sasa sikiliza jambo ambalo Mzee Mfaume hakulijua, mkulima wa miaka mingi vile, na mimi nililijua kwa sababu ya mkeka wa Mama Rejina. Tikiti lina maua ya aina mbili. Ua jike unalijua kwa kitikiti kidogo nyuma yake, kama punje ya njegere yenye manyoya. Linafunguka asubuhi moja tu. Nyuki asipolifikia asubuhi hiyo na unga wa ua dume, jioni limefunga, na kile kitikiti kinageuka njano, kinasinyaa, kinadondoka. Nyuki wakubwa alikuwa amewachoma mwenyewe. Ukiacha wale weusi wachache wasiotoka kwenye komfrei yangu, waliobaki bondeni, waliokuwa wakimfanyia kazi kila asubuhi bila yeye kujua, ni wangu. Magogo matatu.

Siku matikiti yalipoanza kutoa maua jike, niliamka kabla ya adhana ya alfajiri, nyuki wote wakiwa ndani, nikaziba matundu kwa vipande vya kanga, nikafunga magogo kwenye baiskeli ya shangazi na kuyapeleka kwa Mama Rejina, upande wa pili wa kijiji, mbali kiasi kwamba wasingeweza kurudi. Alitoka jikoni akifunga kilemba. "Unawahamisha kwa nini?"

"Wanapata joto pale, mama."

"Joto la nani?" aliuliza. Nikaanza kufungua kamba. Alinisaidia kuyaning'iniza, lakini hakunikaribisha chai.

Niseme kweli, nilifurahi. Wengine wakiandika mambo kama haya wanasema moyo uliwauma. Wangu ulitulia kama mtu aliyeshiba. Kila asubuhi nilikaa kwenye komfrei nikatazama maua ya njano yakifunguka kimya katika shamba lile kubwa, hakuna mlio, hakuna anayetua, na kila jioni nikaona yakijifunga. Baada ya wiki vitikiti vilianza kuanguka. Machache yaliyoshika yalitoka yamepinda, upande mmoja umenenepa, upande mwingine umekaza kama ngumi. Mzee Mfaume alimwagilia zaidi, akaweka mbolea. Mwisho akaleta mganga kutoka mbali huko, kupita Likawage, akafukia chupa kwenye pembe nne za shamba. Nilizihesabu kupitia ua. Nilitamani kumwambia mganga yule kwamba chupa hazitembelei maua.

Ndipo wakaja. Yeye na Mama Hadija, alasiri, chumbani kwa shangazi. Shangazi alitenga chai na mihogo ya kukaanga, akatoka nje, lakini niliona kivuli chake kimesimama nyuma ya pazia. Nikamwamkia Mzee Mfaume shikamoo. Akaitikia marahaba bila kunitazama. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Somoe mwanangu," alisema. "Tumeishi hapa siku nyingi. Toa ulichoweka shambani kwangu."

"Sikuweka kitu, baba. Nilitoa."

"Ulitoa nini?"

"Nyuki."

Nikamweleza. Sijawahi kusema maneno mengi kiasi kile mbele ya mtu, na niliyasema nikitazama birika. Nikamweleza ua dume na ua jike, na asubuhi moja, na mti aliouchoma. Nikamwambia matikiti yake yataendelea kutoa maua wiki mbili tatu zaidi, na magogo yangu naweza kuyarudisha kesho. "Lakini kwanza, baba, simama pale mlangoni kwako, pale pale, uwaambie watu zilikuwa mbegu. Mama Hadija anajua."

Mama Hadija alitazama ndani ya kikombe chake kama kuna kitu kimedondokea. Mzee Mfaume akamtazama yeye muda mrefu, na nadhani hapo ndipo alipojua. Uso ulimbadilika. Akasimama, akavaa kofia. "Mtu mzima kama mimi nisimame barabarani kwa sababu ya wadudu," alisema, si kwangu, kwa kofia yake. Alipofika mlangoni akageuka. "Haya. Ijumaa, watu wakitoka msikitini, nitasema."

Ijumaa ile nilivaa gauni langu la sikukuu nikasimama mbali kidogo, kwenye kivuli cha duka. Watu walitoka msikitini, na kweli alisimama mlangoni kwake, na kweli alisema. "Nimekwenda kwake mwenyewe," alisema kwa sauti. "Nimemuuliza kwa upole. Amekiri. Kasema kwa mdomo wake kwamba ndiye aliyetoa baraka shambani kwangu, na kwamba anaweza kuirudisha akitaka. Mke wangu shahidi." Na Mama Hadija akatikisa kichwa, ndiyo.

Nilirudi nyumbani na gauni langu. Magogo sikuyarudisha bondeni. Lori halikuja mwaka ule, na matikiti yake yaliliwa na nguruwe pori. Lakini unaona alivyonishinda. Nilimnyima shamba, yeye akachukua maneno yangu machache, yale yaliyonigharimu jasho, akayageuza ushahidi. Tangu siku ile nikasema basi na kusema. Nikatafuta kitu kisichohitaji kusemwa.

Mvua za vuli zilipoanza, nilichimba shina moja la komfrei. Mzizi wake ni mweusi nje, mweupe ndani, unateleza kama bamia. Ukiukata vipande kumi, unapata mashina kumi. Ukiuchoma moto juu, unaota kutoka chini. Nilichukua kipande urefu wa kidole, nikakifunga kwenye upindo wa kanga, nikapita nyuma ya nyumba ya Mzee Mfaume, pale ukutani Mama Hadija anapomwaga maji ya kusuuzia ndoo za barafu. Pana kivuli siku nzima, na udongo haukauki. Nilitoboa shimo kwa kidole, nikadondosha, nikafukia kwa kisigino. Sikusimama hata kidogo. Mwaka ulipokwisha, kulikuwa na jani moja pale, lenye malaika, linanisalimu.

Mengine ni marefu na si ya mwaka ule, nitayafupisha. Mzee Mfaume alilima lile jani kwa jembe, akalikatakata, na kila kipande kikaota. Akalichoma, likarudi. Akaita watu wa kusoma dua, likachanua. Baada ya miaka miwili mitatu ulikuwa ukanda wa kijani ukuta mzima, na nyuki wananguruma dirishani kwake akiwa amelala mchana. Hakuthubutu tena kuligusa. Alikuwa anazunguka upande wa mbele kwenda chooni. Watoto wakaliita jani lile Friji, jina langu, na nikapita mara nyingi kwenye njia ile ya nyuma bila kuwa na safari yoyote.

Siku ya tatu ya msiba, Mama Hadija aliniita ndani. Alikuwa amekaa eda, chini kwenye godoro, na wanawake sita au saba wamemzunguka wakikoboa karanga. Friji bado ipo sebuleni pale, ilikufa zamani, sasa anawekea vyombo. Akasema, "Somoe, watu wote wamemsamehe. Sauti yako sikuisikia."

"Hukuisikia kwa sababu sikusema, mama."

"Hata mauti?"

Nikachukua karanga moja, nikaikoboa. Akafuta uso kwa kanga. "Na lile jani. Limeingia chini ya ukuta, ukuta umepata ufa. Nimebaki peke yangu humu. Lina dawa gani?"

"Dawa yake ni wewe kusema," nikasema. "Hapa hapa, wakisikia hawa."

Karanga ziliacha kulia mikononi mwa watu. Nilidhani atatazama kikombe tena, lakini hakukuwa na kikombe. Alisema huku akiitazama ile friji. "Zilikuwa mbegu. Aliniambia siku ya kwanza, nikacheka. Nilimwogopa mume wangu, nikamwacha mtoto wa watu aungue."

 Yule bibi aliyeitikia mara mbili akasema, "Yaani miaka yote hii tunakataa mchicha wake?" Na mwingine, "Na ulivyokuwa mzuri! Mimi nilikuwa namtuma mtoto akaninunulie kwa siri." Wakacheka, wakaziba midomo, maana ni msibani. Mimi sikucheka. Nilikwenda kwa shangazi kuchukua jembe.

Nilichimba asubuhi mbili. Ahadi ni ahadi. Nilifuata kila mzizi mpaka chini ya msingi, nikachekecha udongo kwa mikono kama nilivyochekecha majivu siku ile barabarani, nikajaza magunia manne. Wanawake walikuwa wanakuja mmoja mmoja kutazama na kunipa pole ya kazi, wananiita Somoe. Jina lilikuwa geni masikioni. Mama Hadija aliketi kwenye dirisha la nyuma, akanishukuru mara nyingi kuliko nilivyoweza kuitikia. Nilipofika mwisho wa ukuta, pale palipoanzia, nilitoa mzizi wa mwisho. Ulikatika mkononi. Kilibaki kipande chini ya shimo, urefu wa kidole, cheupe pale kilipokatika. Nilikitazama. Mama Hadija alikuwa amegeuka kumjibu mtu. Nikarudisha udongo, nikaukanyaga kwa kisigino.

Wewe uliyefika mpaka hapa, niandikie. Usiniambie kwamba kusamehe kuna thawabu, hilo nilifundishwa madrasa na silibishii. Niambie tu, ungekuwa wewe, umeinama pale na jembe mkononi, na hakuna anayekuona, ungekitoa? Andika hata kama mwandiko wako ni mbaya kuliko wangu. Nasoma polepole, lakini namaliza. Ila usichelewe sana, vuli iko karibu, na ardhi pale nyuma haikauki.